Unanunua lori la masafa marefu? Anza na mizani, malizia na kitanda

SAA nne usiku pale Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kuupanda mlima Kitonga, malori huwa yamejipanga pembeni mwa barabara kama ng'ombe waliofika mnadani. Mengine yametoka bandarini Dar es Salaam yakielekea Tunduma, Zambia na Lubumbashi. Mengine yanashuka na mahindi, mchele na mbao. Ukipita taratibu utaona jambo moja. Wapo madereva waliovuta pazia na kulala kitandani ndani ya kabini, na wapo waliotandika boksi chini ya tela.

Asubuhi wote watawasha injini na kuendelea na safari, kila mmoja akiwa na mali ya watu wengine mgongoni. Wewe mwenye magunia 300 ya mchele ungependa yabebwe na yupi?

Swali hilo linamhusu kila mkulima na mfanyabiashara anayefikiria kuachana na malori ya kukodi na kununua la kwake, peke yake au kwa kuchangishana na wenzake. Wengi huanza kwa kuangalia rangi, urefu wa kichwa na bei aliyotaja dalali. Makala haya yanalinganisha aina za malori ya masafa marefu yenye vitanda yanayoonekana katika barabara zetu, ili anayetaka kuweka nyumba au shamba rehani kwa ajili ya lori ajue anachokinunua.

Kitanda si anasa

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ukiendelea kupitia Nakonde, Kapiri Mposhi na Kasumbalesa hadi Lubumbashi, unakaribia kilomita 2,000 kwa safari ya kwenda tu. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni za mpakani bado ni sehemu ya maisha ya dereva. Akisubiri karatasi siku mbili au tatu, kabini ndiyo nyumba yake, jiko lake na pia ndiyo lindo lake, maana akienda kulala gesti mzigo unabaki na nani?

Nchi zilizotangulia katika biashara hii zimeligeuza suala la usingizi kuwa sheria. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori haruhusiwi kwa kawaida kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku, na kila baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa saa 11 za kuendesha, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Vitanda vya malori tunayoyaagiza vinaendana na sheria hizo. Wazungu hawakuviweka kwa kupenda starehe. Walikwishajua kwamba dereva aliyelala vibaya ni ajali inayosubiri kona.

Kwa hiyo unapokagua lori, panda ndani na ulale juu ya kitanda hicho. Nyosha miguu. Kama kichwa kinagonga upande mmoja na visigino upande mwingine, dereva wako atalala chini ya tela, na siku moja utaulizana naye kwa nini alisinzia.

Makundi matatu ya barabarani

Malori ya masafa marefu yanayovuta semi-trela katika barabara zetu yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni malori ya Ulaya ambayo kabini yake imekaa juu ya injini, yaani hayana pua. Humo wamo Scania, Volvo FH, Mercedes-Benz Actros, DAF na MAN. La pili ni malori ya Marekani yenye pua ndefu, kama Freightliner na International. La tatu ni malori ya China, hasa Howo na FAW, ambayo umbo lake ni kama ya Ulaya lakini aghalabu hununuliwa yakiwa mapya.

Tofauti ya maumbo hayo ina historia yake. Ulaya hupima urefu wa lori lote pamoja na tela, na kwa sheria yao ya mwaka 1996 semi-trela na kichwa chake kwa kawaida havitakiwi kuzidi mita 16.5. Kila sentimita inayoliwa na kichwa inapunguza nafasi ya mzigo, hivyo mtengenezaji akaipandisha kabini juu ya injini na kitanda akakibana nyuma ya viti. Marekani walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1982 ilizuia majimbo kuweka kikomo cha urefu wa lori zima katika barabara kuu za taifa, wakabaki kupima tela peke yake. Tangu hapo mwenye lori akaweza kuwa na pua ndefu mbele na chumba kizima nyuma ya kiti bila kupoteza mzigo.

Ndiyo maana ukiingia katika Freightliner Columbia au Cascadia yenye paa refu utasimama wima, utakuta kitanda kipana, makabati na mara nyingi nafasi ya friji. Chumba cha nyuma peke yake hufikia inchi 70 au zaidi, karibu mita 1.8. Katika upande wa starehe ya kulala, hakuna anayemfikia Mmarekani.

Mzungu wa Ulaya anatofautiana kabini kwa kabini, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Jina la lori halitoshi. Scania ya kabini P imekaa chini na ina nundu kubwa la injini katikati, wakati Scania R, iliyoingia sokoni mwaka 2004, imekaa juu na ina nafasi zaidi. Volvo FH, iliyotoka mwaka 1993, ina kabini ya kawaida na ile ya Globetrotter yenye paa lililoinuliwa. Actros, iliyoanza mwaka 1996, ina kabini yenye nundu na ile ya Megaspace ambayo sakafu yake ni tambarare. DAF XF105 ya mwaka 2005 nayo ina paa la kawaida na lile la juu kabisa. Malori mawili yenye jina moja na injini moja yanaweza kuwa na vitanda tofauti kabisa. Uliza kabini, usiulize jina tu.

Malori ya China yana kitanda kimoja au viwili kutegemea toleo. Howo ya nguvu za farasi 371, ambayo ni maarufu, hutumia injini ya lita 9.7 ambayo asili yake ni teknolojia ya Steyr ya Austria. Kitanda kinatosha kulalia, lakini usitegemee utulivu wa Volvo wala upana wa Freightliner.

Anza na mizani

Pamoja na yote hayo, kitanda kisikufanye usahau mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli za kutosha. Kila ekseli ina kikomo chake pia. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne ni tani 10. Ekseli mbili pamoja ni tani 18 na ekseli tatu za tela zenye matairi pacha ni tani 24.

Sasa piga hesabu. Kichwa chenye ekseli mbili nyuma, ambacho mafundi huita dabodifu, kikivuta tela ya ekseli tatu kinaruhusiwa 8 jumlisha 18 jumlisha 24, yaani tani 50. Tuseme kichwa kina uzito wa tani 9 na tela tani 7. Unabaki na tani 34 za mzigo, sawa na magunia 340 ya kilo 100.

Kichwa cha ekseli moja nyuma, yaani singo difu, kinaruhusiwa 8 jumlisha 10 jumlisha 24, jumla tani 42. Tuseme kichwa ni tani 7 na tela ni ile ile ya tani 7. Unabaki na tani 28. Umepoteza magunia 60 kila safari. Wapo wanaonunua singo difu kwa sababu bei yake ni nafuu, halafu wanajaza kama dabodifu. Hao hukutana na ukweli Vigwaza au Mpemba, ambako faini na kupunguza mzigo hula faida yote.

Hapa mkulima ana sehemu yake ya lawama. Magunia ya lumbesa yanadanganya hata mwenye kuyajaza. Ukihesabu magunia 300 ukiamini ni tani 30, kumbe kila moja lina kilo 120, umepakia tani 36. Lori uliloliona halijajaa limezidi kwa tani mbili. Pima kabla ya kupakia, na upange uzito usikae wote upande mmoja, kwa sababu mizani inaweza kukukamata kwa ekseli moja hata kama jumla haijazidi.

Malori ya Marekani yana jambo la kuangalia zaidi hapa. Kwao uzito wa kawaida wa lori lote ni ratili 80,000, karibu tani 36. Ekseli zao mbili za nyuma mara nyingi zimeundwa kubeba ratili 40,000, karibu tani 18, ambayo inalingana na kikomo chetu. Lakini ekseli ya mbele mara nyingi ni ya ratili 12,000, yaani tani 5.4 tu. Sheria inakuruhusu tani 8 mbele, chuma chenyewe hakikuruhusu. Soma kibao cha mtengenezaji, kwa kawaida kipo mlangoni au kwenye nguzo ya mlango, kabla ya kusoma tangazo la muuzaji.

Umeme, rimu na usukani

Yako mambo madogo ambayo dalali hayataji, na ndiyo yanayomaliza fedha.

La kwanza ni umeme. Malori ya Ulaya na China hutumia volti 24. Ya Marekani hutumia volti 12. Ukichukua kichwa cha Freightliner ukakifunga kwenye tela iliyokuwa ikivutwa na Scania, balbu za tela zitawaka kwa unyonge, na kama zipo breki za kielektroniki, zitagoma. Plagi za waya na viunganishi vya mipira ya upepo navyo havifanani. Mafundi wetu wanajua kubadilisha, lakini iwe imefanyika vizuri na gharama yake uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

La pili ni rimu. Rimu za Marekani na za Ulaya zote huwa na matundu kumi ya nati, lakini duara la matundu hayo si sawa. La Ulaya ni milimita 335, la Marekani ni kama milimita 286. Maana yake tairi la akiba ulilolifunga kwenye tela ya Ulaya halitaingia kwenye kichwa cha Marekani. Dereva anayepata pancha usiku ndani ya mbuga ya Mikumi hapaswi kuligundua hilo akiwa huko.

La tatu ni usukani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani unatakiwa kuwa kulia. Malori kutoka Uingereza yanakuja hivyo, na ya China yanaweza kuagizwa hivyo kiwandani. Ya Marekani, Uholanzi na Ubelgiji usukani wake uko kushoto, ndiyo maana unayaona yameandikwa nyuma kwa herufi kubwa kuwatahadharisha wengine. Dereva wa lori la namna hiyo akitaka kulipita lori jingine haoni kinachokuja hadi kichwa chote kiwe kimetokeza, na hapo utingo ndiye anayegeuka kuwa jicho. Wasomaji wetu wa Kenya wafahamu kwamba nchini kwao magari yenye usukani wa kushoto na yenye umri wa zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa kwa matumizi ya kawaida, hivyo sehemu kubwa ya soko hili la mitumba haiwahusu.

La nne ni urefu. Pua ya Mmarekani na chumba chake cha kulala vinahitaji uwanja mpana wa kugeuzia. Kama ghala lako liko katika uchochoro, au unafuata mzigo shambani kwa barabara ya vumbi yenye makorongo, bampa la chini la malori hayo litachimba ardhi. Kichwa kisicho na pua hugeuka mahali padogo na dereva anaona vizuri kilichopo mbele ya tairi.

Kwa upande mwingine, pua ina faida zake. Fundi akifungua boneti anaiona injini yote bila kuinua kabini, wakati lori la Ulaya lazima kabini ilazwe mbele na kila kitu cha dereva, kuanzia sufuria hadi godoro, kidondoke kwenye kioo. Pia ikitokea ajali ya kugongana uso kwa uso, chuma kilicho mbele ya miguu ya dereva ni kingi zaidi.

Mafuta ndiyo mwajiri wako

Gharama ya kununua lori unailipa mara moja, ya dizeli unailipa kila siku. Tuseme una malori mawili, moja likitumia lita tano zaidi kwa kila kilomita 100. Safari ya Lubumbashi kwenda na kurudi ni kama kilomita 4,000, hivyo tofauti ni lita 200. Tuseme lita moja ni Sh3,000, ingawa bei halisi utaipata katika tangazo la EWURA la mwezi husika. Hizo ni Sh600,000 kwa safari moja. Ukienda safari 12 kwa mwaka umepoteza Sh7.2 milioni. Lori lililokuwa nafuu kwa Sh10 milioni siku ya kununua linakuwa ghali kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Ukubwa wa injini peke yake hauelezi ulaji wa mafuta. Injini za Marekani kama Detroit Series 60 ya lita 12.7 au Cummins ISX ya lita 15 ni kubwa, lakini zimetengenezwa kuzunguka taratibu zikiwa na gia ndefu kwa barabara tambarare. Ukiipandisha Kitonga na tani 50 huku difu yake ni ya mwendo wa kasi, itahangaika. Injini ndogo nayo ikibebeshwa mzigo mkubwa kila siku hukanyagwa hadi mwisho na huchakaa mapema. Kwa uzito wetu na milima yetu, lori la nguvu za farasi kati ya 400 na 460 lenye uwiano wa difu unaofaa milima huwa chaguo la kati na kati.

Kitanda nacho kinaweza kula mafuta. Dereva akilala injini ikiwaka ili apate kiyoyozi, injini kubwa hutumia kama lita tatu kwa saa. Usiku wa saa nane ni lita 24, na kwa bei ile ya mfano ni Sh72,000. Kabini yenye madirisha ya kupitisha hewa na chandarua imara inatosha kwa barabara zetu nyingi, na mbu wa Ruaha Mbuyuni hawachagui aina ya lori.

Angalia pia teknolojia ya moshi. Malori ya Marekani ya kuanzia mwaka 2007 yana chujio la masizi kwenye ekzosi, na ya kuanzia mwaka 2010 mengi yanatumia pia kimiminika cha kusafisha moshi. Malori mengi ya Ulaya ya Euro 5 na yote ya Euro 6 yanahitaji kimiminika hicho, kinachofahamika kwa jina la AdBlue. Ukikosa kimiminika au mtambo ukiharibika, kompyuta hupunguza nguvu ya injini, na utajikuta umesimama mahali ambapo hakuna fundi mwenye kompyuta. Kwa mwenye lori moja tu, injini ya Euro 3 iliyotunzwa vizuri bado ni rahisi kuishi nayo. Kama unanunua jipya zaidi, hakikisha yupo fundi wa kulipima katika njia yako. Lori ambalo mtambo wake umeng'olewa kienyeji na waya kuunganishwa kwa tepu, liache.

Mlima haujui jina la lori

Kitonga, Sekenke na miteremko ya Mbeya imechukua madereva wazuri na malori mazuri. Wakati wa kulinganisha, uliza lori linajizuiaje bila kukanyaga breki za matairi. Yapo yenye breki ya ekzosi tu, ambayo ni dhaifu kwa mzigo mzito. Yapo yenye breki ya injini inayofanya kazi kwenye vali, kama ilivyo kwa injini nyingi za Marekani na Volvo. Na yapo yenye retada kwenye giaboksi, kama baadhi ya Scania, ambayo humshusha dereva mlima mrefu bila breki kupata moto. Kwa anayepita milima kila wiki, retada inayofanya kazi ina thamani kuliko rimu za kung'aa. Ijaribu mwenyewe ukiwa na mzigo, usikubali kuambiwa.

Kuna desturi mbaya ya kuliweka lori huru kwenye mteremko kwa kuamini kwamba dizeli inaokolewa. Kwa injini za kielektroniki ni kinyume chake. Lori likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa. Ukiliweka huru, injini inaendelea kula dizeli ya kuunguruma, na wewe umepoteza breki ya injini. Mwambie dereva wako hivyo siku ya kwanza.

Giaboksi nayo ichaguliwe kwa kumtazama dereva uliyenaye. Malori mengi ya Marekani yana giaboksi za Eaton Fuller za gia 10, 13 au 18 ambazo zinahitaji klachi kukanyagwa mara mbili na sikio la kuisikiliza injini. Aliyezoea Scania ataisaga kwa wiki mbili. Giaboksi za kujibadilisha, kama I-Shift ya Volvo iliyoanza mwaka 2001, zinampunguzia dereva uchovu na kulinda klachi, lakini zikiharibika si kila fundi wa chini ya mwembe anayeziweza.

Ununue au uendelee kukodi?

Baada ya kulinganisha malori, linganisha pia kununua na kutonunua. Tuchukue mfano wa wafanyabiashara wanne wa mchele wa Ubaruku, Mbarali. Kila mmoja anapeleka Dar es Salaam magunia 80 kwa mwezi, kwa miezi sita. Jumla ni magunia 320, mzigo wa lori moja kila mwezi. Kwa mwaka mzigo wao wenyewe ni safari sita tu.

Tuseme wamekopa na marejesho ni Sh4 milioni kwa mwezi. Mshahara wa dereva na utingo ni Sh1.2 milioni. Bima, vibali na maegesho ni Sh800,000. Hizo ni Sh6 milioni kila mwezi, lori litembee au lilale, sawa na Sh72 milioni kwa mwaka. Likifanya safari 30, kila safari inabeba Sh2.4 milioni kabla ya dizeli na matairi. Likifanya safari 12, kila moja inabeba Sh6 milioni. Na matairi yasisahauliwe. Kichwa cha dabodifu kina matairi 10 na tela 12, jumla 22. Kwa Sh600,000 kila moja ni Sh13.2 milioni kuyabadilisha yote.

Funzo lake ni kwamba wanne hao wakinunua lori hawatakuwa wamenunua chombo cha kusafirishia mchele wao. Watakuwa wameingia katika biashara nyingine ya usafirishaji, inayowataka watafute mzigo wa watu wengine kwa safari 20 na zaidi. Kama hawana mteja wa mzigo wa kurudi kutoka Dar es Salaam, iwe mbolea, saruji au bidhaa za dukani, heri waendelee kukodi kwa pamoja na kudai bei ya jumla. Kama mteja yupo, na mkataba upo kwenye karatasi, basi lori lina kazi.

Kabla hujalipa

Ukishaamua, usinunue kwa picha. Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji. Washa injini ikiwa ya baridi na uangalie moshi. Fungua mfuniko wa mafuta ya injini injini ikiunguruma uone kama inapumua moshi mwingi. Kagua chesisi kwa nyufa na sehemu zilizochomelewa, hasa karibu na sahani inayobeba tela. Linganisha namba ya chesisi na kadi. Muulize wakala wa forodha na TRA jumla ya kodi na tozo kwa umri wa lori hilo hilo, kwa maandishi, kabla ya kutuma fedha nje. Kama utavuka mpaka, weka bajeti ya bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inatambuliwa Zambia na Kongo.

Kisha ulizia spea. Katika hili Scania na Howo zina nafuu kwa sababu yapo mengi barabarani, na mahali penye malori mengi ya aina moja mafundi na vipuri hufuata. Lori zuri ambalo spea yake inasubiri meli si lori, ni mapambo.

Kwa muhtasari, anayepita njia za lami tupu hadi Kongo, ana dereva mzoefu wa gia za Marekani na ana uwanja mpana wa kugeuzia, anaweza kufaidi kitanda na injini ya Mmarekani. Anayechanganya lami, vumbi na vichochoro vya masoko atafaa zaidi na la Ulaya lisilo na pua, dabodifu, lenye kabini ya juu na retada. Asiyetaka kurithi ugonjwa wa mtu mwingine na ana mkopo wenye masharti ya gari jipya, atazame la China, akijua kwamba bei ya kuliuza tena itakuwa ndogo.

Lolote utakalochagua, mwisho wa siku utamkabidhi mtu mmoja funguo, na mtu huyo atalala humo usiku mwingi kuliko anavyolala kwake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye lori tungeongeza kwamba na dereva bila usingizi hupotea na lori. Andika daftari lako, kisha panda kabini ukajaribu kile kitanda.